Skolashipu ya Dola 1,000 Iliyoshika Ada ya Dola 12,000: Uchambuzi wa Kisa

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu familia ya Wakongo wanaoishi Kentucky, Marekani, na binti yao aliyekwenda kusoma katika chuo kikuu cha umma jimbo la Texas. Nilikuwa karibu nao tangu siku za maombi hadi binti alipoingia mwaka wa pili, maana kazi ninayojitolea ni kuwasaidia vijana wa jamii yetu na fomu za vyuo. Nimemwita binti Neema, ambalo si jina lake. Miji, vyuo na baadhi ya mambo ya nyumbani nimeyaondoa au kuyabadilisha, na hela za kila chuo nimezizungusha ili kisitambulike. Viwango vya serikali kuu, kama Pell Grant na riba za mikopo, nimeviacha vilivyo.

## Usuli

Familia ilitoka Kivu Kusini, ikakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, ikaletwa Marekani mwaka 2016, mwaka ambao Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko mengine yote kati ya wakimbizi waliopokelewa nchini humo. Neema alikuwa na miaka kumi. Baba anafanya zamu ya usiku katika kiwanda cha vipuri vya magari, mama anasafisha vyumba vya hoteli, na watoto ni saba. Neema ndiye wa kwanza kufika chuo.

Wote wana grini kadi. Mwenye grini kadi, sawa na raia, anaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya msaada wa masomo wa serikali kuu, na kupata Pell Grant, hela isiyorudishwa wanayopewa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo. Kwa mwaka wa masomo 2024–2025 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395, na Neema alikipata chote.

Msomaji asiyeishi Marekani aelewe kwamba chuo kikuu cha umma huko ni mali ya jimbo, si ya taifa. Wanaokilipia kodi ni watu wa jimbo hilo, kwa hiyo watoto wao hutozwa ada ya wakazi. Anayetoka jimbo jingine hutozwa ada ya wasio wakazi, ambayo mara nyingi ni maradufu au mara tatu. Kwa mhasibu wa chuo cha Texas, kijana wa Kentucky ni mgeni hata kama kazaliwa Marekani. Ndiyo maana zimewekwa njia za kupunguza makali. Ipo mikataba ya kanda: majimbo ya magharibi, kwa mfano, yana mpango ambao chuo kilichojiunga kinamtoza mwanafunzi wa jimbo mwenzake kisichozidi asilimia 150 ya ada ya wakazi. Zipo skolashipu za vyuo vyenyewe. Na ipo misamaha ya ada iliyoandikwa kwenye sheria za jimbo, ambayo watu wetu wengi hawajawahi kuisikia.

Neema alitaka kusomea sayansi ya maabara ya tiba. Kozi hiyo Kentucky ipo, lakini si katika mji wao. Ingebidi akae bweni. Mkataba wa majimbo ya kusini, ambao Kentucky imo, haukumfaa, kwa sababu unamsaidia anayekwenda nje kutafuta kozi ambayo jimbo lake halina. Huko Texas alikuwa na mama yake mdogo, anayeishi mwendo wa dakika ishirini kwa gari kutoka chuo cha umma chenye kozi hiyohiyo, na alikwisha kusema chumba kipo.

## Maombi, na fomu iliyochelewa

Maombi yalikwenda Oktoba na Novemba 2023. Kwa chuo cha Texas, Neema alifanya kitu ambacho wenzake wengi wanakiruka. Baada ya kutuma ombi la kujiunga, alijaza ombi la pili, la skolashipu za chuo, lenye insha fupi na barua ya mwalimu. Hakujua uzito wake. Alijaza kwa kuwa lilikuwepo.

FAFSA nayo ikaja na vituko vyake. Kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, lakini mwaka ule ilikuwa imeandikwa upya, ikafunguliwa 30 Desemba 2023, na siku za mwanzo tovuti ilikuwa inafunguka na kufungwa. Mzazi alitakiwa kuwa na akaunti yake mwenyewe, kwa barua pepe yake. Baba hakuwa nayo. Tangu wafike Marekani mambo yote ya familia yalipitia barua pepe ya Neema, na mfumo ukaikataa ilipoandikwa mara ya pili. Ikabidi baba afunguliwe yake, nywila ikaandikwa nyuma ya daftari la michango ya jumuiya, na kesho yake baada ya zamu akaingia mwenyewe kukubali taarifa zake za kodi zichukuliwe moja kwa moja kutoka idara ya kodi. Bila mzazi kukubali, fomu hailetei mtoto Pell hata senti.

Vyuo vilianza kupokea taarifa za fomu hizo Machi 2024. Barua za msaada zikafika mwishoni mwa Aprili na Mei, wakati ambao mwaka wa kawaida mtoto ameshachagua. Vyuo vingi vilisogeza tarehe ya mwisho kutoka 1 Mei, na vya Neema vyote vitatu vilimpa hadi 1 Juni.

## Barua tatu mezani

Barua iliyoshangiliwa nyumbani ilikuwa ya chuo cha jimbo jingine, kaskazini. Juu kabisa, kwa herufi nzito, ilisema Neema amepata skolashipu ya dola 10,000 kwa mwaka. Baba aliipiga picha akairusha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na pongezi zikamiminika kutoka Uvira, kutoka kambini, kutoka kwa binamu aliyeko Norway. Barua ya Texas ilisema dola 1,000. "Mwalimu," baba akaniuliza akiwa ameishika kwa ncha za vidole, "hii ni ya kusoma au ya nauli?"

Tulikaa mezani na daftari, tukaandika kila chuo kwenye ukurasa wake: gharama yote ya mwaka juu, misaada isiyorudishwa chini yake, tukatoa.

Chuo cha kaskazini kilikuwa na ada ya wasio wakazi ya dola 30,000, bweni na chakula 13,000. Ukitoa elfu kumi za skolashipu na Pell, zinabaki dola 25,600 za kutafuta kila mwaka. Ukimya ulioingia pale mezani sikuhitaji kuufafanua.

Chuo cha Kentucky, cha nyumbani, kilikuwa na ada ya 12,500 na bweni la 13,000. Hapo misaada ilikuwa minene: Pell, msaada wa jimbo kwa familia za kipato kidogo, KEES, skolashipu ambayo mtoto wa Kentucky huijenga mwaka kwa mwaka kwa alama zake za sekondari, na kidogo cha chuo. Jumla yake ilifika kama dola 15,800. Zikabaki 9,700, karibu zote za bweni.

Texas ilikuwa na ada ya wasio wakazi ya dola 24,000. Pell na ile elfu moja zikiondoka, zinabaki 15,600. Kwa hesabu hiyo Texas ilikuwa imekufa. Ila kwenye aya ya pili ya barua, chini ya pongezi, palikuwa na sentensi isiyo na herufi nzito: mpokeaji wa skolashipu hii anaweza kustahili kutozwa ada ya wakazi wa Texas.

## Sentensi ya aya ya pili

Sheria ya elimu ya Texas inasema kwamba mwanafunzi asiye mkazi, awe wa jimbo jingine au wa nchi nyingine, akipata skolashipu ya ushindani isiyopungua dola 1,000 kwa mwaka wa masomo kutoka kwa kamati ya skolashipu inayotambuliwa na chuo, anaweza kutozwa ada ya mkazi kwa muda wa skolashipu hiyo. Ushindani maana yake skolashipu imegombewa na wengine, Watexas wakiwemo. Tena kuna kikomo: wanaopewa msamaha huu katika chuo kimoja hawatakiwi kuzidi asilimia 5 ya wanafunzi waliosajiliwa muhula kama huo mwaka uliotangulia. Aliyeko Dar es Salaam au Nairobi na anaitazama Texas aliweke hili akilini, kwa kuwa FAFSA hana, lakini mlango huu haujafungwa kwake.

Kwa chuo cha Neema, tofauti kati ya ada mbili ilikuwa dola 12,300 kwa mwaka. Kwa hiyo ile hela ya nauli ilikuwa na thamani ya dola 13,300, na Texas ikishuka hadi ada ya wakazi ya 11,700, zinabaki 3,300 baada ya Pell na skolashipu. Kulala ni kwa mama mdogo. Ongeza vitabu na usafiri, bado iko chini sana ya Kentucky.

Neno "anaweza" lilinisumbua. Nikamwambia Neema aandike barua pepe chuoni aulize mambo matatu: je, skolashipu yangu ni ya aina inayoleta msamaha, je, msamaha huja wenyewe au unaombwa, na kila mwaka niwe na nini ili usikatike. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa. Skolashipu ni ya aina hiyo. Msamaha huwekwa na chuo baada ya mwanafunzi kukamilisha hatua za kuipokea. Kuirejesha kila mwaka kunahitaji wastani wa alama usiopungua 2.5, krediti 24 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi) zilizofaulu kufikia mwisho wa kiangazi, na usajili wa muda wote kila muhula. Barua pepe hiyo tuliichapisha.

## Uamuzi, na ushauri uliokataliwa

Familia ilichagua Texas wiki ya mwisho ya Mei. Baba alikubali kwa sababu ya hesabu, mama kwa sababu ya mdogo wake. Neema, nadhani, kwa sababu zote mbili na nyingine ambayo hakuisema: alitaka kuondoka nyumbani bila kuonekana anakimbia.

Kabla ya hapo lilizuka wazo kutoka kanisani. Mzee mmoja, mtu wa nia njema, alimshauri baba aende mahakamani amfanye mama mdogo kuwa mlezi wa kisheria wa Neema, ili binti ahesabike Mtexas na adai ada ya wakazi kwa haki. Nimelisikia wazo hili katika majimbo kadhaa, na kila linakotajwa yupo mtu anayemjua mtu aliyefanikiwa. Kwa mwanafunzi ambaye bado anategemea wazazi, Texas inatazama makazi ya mzazi: mzazi awe ameishi humo miezi 12 kabla ya kusajiliwa. Kulala kwa shangazi au mama mdogo hakumgeuzi mtu mkazi, hata alale miaka minne. Na ulezi unaotafutwa ili kukwepa ada ungemlazimu Neema aeleze kwenye fomu moja kwamba wazazi wake hawamlei, na kwenye FAFSA kwamba wanamlea. Baba alilikataa mwenyewe: "Mimi niko hai, mtoto apewe baba mwingine kwa karatasi?"

Wazo la pili lilikuwa la jumuiya kuchanga dola 1,000 na kuziita skolashipu, ili mwakani kusiwe na wasiwasi. Michango ilikusanywa, ikafika 800 na kitu, na ilimfaa Neema kwa kompyuta. Lakini haiwezi kuleta msamaha, maana haikutolewa na kamati ya chuo wala haikugombewa na mtu.

## Bili ya Julai

Bili ya muhula wa kwanza ilionekana kwenye akaunti yake katikati ya Julai. Ada dola 12,000. Pell ya muhula, 3,697, inasubiri. Skolashipu, hakuna. Msamaha, hakuna. Tarehe ya mwisho ya kulipa ilikuwa kabla ya masomo kuanza, na asiyelipa anafutwa kwenye madarasa.

Pembeni ya bili palikuwa na kitufe kinachompeleka mzazi kwenye mkopo wa Parent PLUS, na baba alikuwa tayari kukibonyeza. Mkopo huo anakopa mzazi kwa jina lake. Kwa mwaka ule riba ilikuwa asilimia 9.08, na kabla hela haijafika chuoni inakatwa ada ya asilimia 4.228. Kwa muhula mmoja tu, zaidi ya dola 300 zingepotea njiani. Nilimwomba asubiri siku tatu.

Siku hizo ziliishia kwenye simu. Ofisi ya misaada ilisema suala ni la skolashipu. Ofisi ya skolashipu ilisema skolashipu iko sawa, waulize wa makazi, yaani wanaoamua nani ni mkazi wa jimbo. Wa makazi walisema Neema ni mkazi wa Kentucky, jambo ambalo hakuna aliyelibisha. Mara ya pili ofisi ya skolashipu ilipopigiwa, alipokea mtu mwingine, akafungua faili na kusema, "Hajaleta barua ya shukrani."

Kumbe hatua ya mwisho ya kupokea skolashipu ilikuwa kuandika barua ya ukurasa mmoja kumshukuru mfadhili na kuipakia kwenye mfumo. Neema alikuwa ameona maneno hayo Juni, akadhani ni adabu tu. Bila barua, mfumo ulimhesabu kuwa hajaipokea skolashipu. Bila skolashipu hakuna msamaha. Aliiandika jioni hiyohiyo. Baada ya wiki na siku chache bili ilionyesha skolashipu 500 na mstari mpya wa kutoa 6,150. Salio likashuka kutoka 8,300 na ushee hadi kama 1,650. Akachukua mkopo wa wanafunzi wa serikali ambao riba yake hailimbikizwi akiwa masomoni. Kwa mwaka wa kwanza kikomo chake ni dola 3,500, ukatosha.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo Texas inaidai kwa wanafunzi wapya walio chini ya miaka 22, alikuwa nayo tangu sekondari. Ilihitaji cheti kutumwa tu.

## Mwaka wa kwanza: chumba cha bure

Hapa ndipo kisa kinapogeuka, na sababu yake haikuwa chuo.

Mama mdogo ni muuguzi msaidizi wa zamu za usiku na ana watoto watatu. Hakuna aliyesema Neema atakuwa anawalea. Hakuna aliyehitaji kusema. Saa kumi na mbili jioni mama mdogo anatoka, watoto wanabaki na dada yao mkubwa, na dada yao mkubwa ana maabara ya kemia kesho saa mbili asubuhi. Mwisho wa wiki alifanya kazi ghalani, kwa sababu kuna bibi Nyarugusu anayengoja hela ya dawa. Mtoto wa kwanza wa nyumba akifika Texas anakuwa tayari mtu wa kutumiwa maombi.

Muhula wa Agosti alifaulu krediti 13. Muhula wa Januari alisajili 12, mwezi Machi akaiacha kemia ya krediti 4 ambayo alikuwa anaelekea kuifeli. Kuiacha kulikuwa uamuzi wa busara kwa wastani wake wa alama. Siku ya 12 ya masomo, ambayo vyuo vya Texas hutumia kuhesabu wanafunzi, ilikuwa imepita zamani, kwa hiyo hakupoteza hadhi ya mwanafunzi wa muda wote muhula ule. Ila mwaka ukaisha akiwa na krediti 21.

Mei 2025 mfumo ulimtumia taarifa kwamba skolashipu haitarejeshwa. Aliisoma kama taarifa ya dola 1,000, akanipigia baada ya siku mbili kusema ataongeza zamu ghalani azifidie. Nilimwomba atoe ile barua pepe iliyochapishwa, asome neno moja baada ya jingine. Mwisho wa kiangazi, ilisema.

Zilihitajika krediti tatu kabla ya Agosti. Chuoni kwake kozi ya kiangazi ilikuwa ghali, na vyuo vya jamii vya Texas, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili, vingemtoza kama mgeni. Lakini Kentucky alikuwa bado mkazi. Alichukua kozi moja ya mtandaoni katika chuo cha jamii cha nyumbani, kwa ada ya wakazi, kama dola 600. Kabla ya kulipa, aliandika chuoni Texas kuuliza kama kozi hiyo itahamishwa na kama krediti zake zitahesabika kwenye masharti ya skolashipu. Akajibiwa kwa maandishi: krediti zitahesabika, alama haitaingia kwenye wastani. Wastani wake ulikuwa 2.8, hivyo hilo halikumdhuru.

La nyumbani lilitatuliwa na mama yake kwa simu, na sitajifanya najua yote yaliyosemwa kati ya ndugu wawili. Kilichotoka ni kwamba Jumanne na Alhamisi Neema anabaki maktaba hadi saa tatu usiku, na siku hizo watoto wanakwenda kwa jirani Mrundi. Neema analipa dola 150 za chakula kwa mwezi, hela aliyoipendekeza yeye. Ghalani amebakiza siku moja.

## Matokeo

Alama za kozi ya kiangazi ziliwasilishwa siku kumi kabla ya muhula wa Agosti 2025. Skolashipu ilirejeshwa, msamaha ukafuata. Deni lake baada ya mwaka wa kwanza ni dola 3,500. Kemia ameirudia na kuifaulu. Baba hana mkopo wowote wa chuo kwa jina lake.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni lile ombi la pili la skolashipu, lililojazwa miezi kabla ya mtu yeyote kujua lina maana gani. Msamaha wa Texas hauombwi baadaye kwa huruma. Unaning'inia kwenye skolashipu ya ushindani, na kamati huwa zimeshagawa hela zao kabla wengi wetu hatujamaliza FAFSA. Kwa kikomo cha asilimia 5, anayechelewa anaweza kuwa na sifa zote na bado akakosa.

Daftari la kurasa tatu nalo lilisaidia, na nisingelisifu sana kama nisingekuwa nimeona familia nyingi zikichagua kwa ukubwa wa herufi. Chuo chenye ada ya 30,000 kinaweza kutoa zawadi ya 10,000 bila kuumia. Kimepunguza bei ambayo chenyewe kiliipanga. Hiyo si hila, ni biashara, na vyuo vya umma vinawahitaji wanafunzi wa nje hasa kwa sababu wanalipa zaidi.

Kubaki mkazi wa Kentucky kulikuja kumwokoa mwaka wa pili. Lakini upande wa pili wa jambo hilo familia haikuupima vizuri mwanzoni: msamaha wa ada hauleti ukazi. Msaada wa jimbo la Texas kwa wanafunzi wenye uhitaji ni wa wakazi, Neema hana. Msaada wa Kentucky na KEES yake aliviacha alipovuka mpaka. Anasoma katikati ya majimbo mawili na hela za yote mawili zinampita. Ndiyo maana bado nasema uamuzi wa Texas ulikuwa mzuri kwa sababu ya chumba cha mama mdogo tu. Angelazimika kukaa bweni huko, Kentucky ingeshinda kwa maelfu.

Na chumba hicho ndicho hesabu yetu ilikiandikia sifuri. Kwa sisi kukaa kwa ndugu hakuna bei, na kuitaja ni kama tusi. Matokeo yake gharama ililipwa kwa saa za kusoma, ikaenda kugonga krediti, krediti zikagonga skolashipu, skolashipu ikataka kuondoka na dola 12,300. Mazungumzo ya Juni 2025 yangefanyika Julai 2024, huenda kemia isingeachwa. Lakini wa kuyafanya angekuwa nani? Si Neema, mtoto hamwekei mama mdogo masharti. Ilikuwa kazi ya mama yake, na yeye alihitaji kuona hatari kwanza.

Masharti ya krediti yanastahili kutazamwa na yeyote mwenye msamaha wa aina hii. Krediti 12 ndizo zinazokufanya mwanafunzi wa muda wote, na 12 mara mbili ni 24 kamili, bila akiba. Aliyesajili 12 hana kozi ya kupoteza. Neema sasa anasajili 15 muhula anaojisikia na nguvu, 13 muhula wa maabara nzito. Kuacha kozi pia kuna mwisho wake, maana sheria ya Texas inamruhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuacha sita tu kwa miaka yote.

Kuhusu bili ya Julai, sina hakika familia ingefanya nini tofauti. Hatua ya barua ya shukrani iliandikwa, lakini mahali ambapo mtu husoma kama adabu. Kilichookoa ni kutobonyeza kitufe cha PLUS kwa hofu. Mkopo huo nao unabadilika: kuanzia 1 Julai 2026 wakopaji wapya wamewekewa kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto. Salio la 25,600 kwa mwaka, kama la chuo cha kaskazini, halitafunikwa tena hata na mzazi aliye tayari kubeba deni lote.

Kuna jambo moja halijaisha. Mwaka wa nne wa maabara una mazoezi ya hospitalini yanayoanza kiangazi, na skolashipu ya Neema inalipwa mihula ya Agosti na Januari. Krediti za kiangazi hicho zitatozwa ada ipi, ya mkazi au ya mgeni? Ameandika chuoni kuuliza, miaka miwili kabla, na ametaka jibu kwa maandishi.